Miaka sita ya msingi na maneno tunayodhani watoto wanayo

Mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba nchini Tanzania watamaliza shule ya msingi pamoja. Ndivyo hesabu inavyokuja kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024: elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima imenyooshwa hadi miaka kumi ili kila mtoto afike kidato cha nne. Tangu mabadiliko hayo yatangazwe, tumejadili zaidi majengo. Madarasa yatatosha? Madawati je? Walimu wa kidato cha kwanza wa Januari 2028 watatoka wapi? Ni maswali halali, na anayeyapuuza hajawahi kusimama mbele ya watoto mia moja akiwa na chaki moja mkononi. Lakini yamefunika swali jingine ambalo halitatuliwi kwa saruji. Mtoto wa shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili msingi nzima, kisha hukabidhiwa karibu masomo yote ya sekondari kwa Kiingereza, ukiacha somo la Kiswahili lenyewe. Zamani alikuwa na miaka saba ya kujikusanyia maneno na fikra kabla ya kuvuka. Sasa ana sita.

Sioni kwamba kuupunguza mwaka mmoja ni kosa. Nchi nyingi zina msingi wa miaka sita na watoto wao wanasoma vizuri. Kosa ni kuupunguza huku tukiendelea kufundisha maneno kama tulivyozoea, yaani kutoyafundisha. Kwa miaka kumi sasa tumejitahidi kweli kuwawezesha watoto wa madarasa ya chini kutamka maandishi, na tumepiga hatua. Njiani tukachukulia kwamba anayetamka amesoma. Upungufu mkubwa wa mtoto wetu wa darasa la tatu, kwa maoni yangu, hauko tena kwenye herufi. Uko kwenye msamiati. Na msamiati ndio sehemu ya lugha ambayo shule zetu zinadhani mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani, kama anavyokuja na ufagio na kidumu cha maji.

Tukumbuke tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 habari ziliitikisa nchi kwamba kuna wanafunzi waliofaulu darasa la saba, wakapangiwa sekondari, na huko wakabainika hawajui kusoma wala kuandika. Tathmini za Uwezo, zilizowafuata watoto majumbani na kuwapima kwa maandishi ya kiwango cha darasa la pili tu, zilikuwa zikionyesha picha hiyo hiyo. Jibu la serikali lilikuwa la maana: mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulifumuliwa, masomo yakapunguzwa, na muda mwingi ukapewa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Miradi ya wafadhili ikaja na vitabu vya hadithi, mafunzo kazini na vipimo vya kusoma vinavyohesabu mtoto anatamka sahihi maneno mangapi kwa dakika moja. Wakati huohuo elimu bila ada, kuanzia Januari 2016, ikawaingiza shuleni watoto wengi kuliko madarasa yalivyoweza kubeba. Ndani ya mazingira hayo, walimu wa darasa la kwanza walichagua wanachoweza kukipima haraka, na kipimo kilichokuwepo kilikuwa saa.

Sasa, Kiswahili kina tabia moja inayomdanganya mwenye saa. Irabu ni tano, silabi nyingi ni wazi, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto akishaijua ba, be, bi, bo, bu na nduguze, pamoja na wakorofi wachache kama ng', ny na mbw, anaweza kutamka neno lolote katika kitabu chochote, hata hotuba ya bajeti. Mtoto wa Kiingereza anapokwama kwenye neno, mwalimu husikia. Wa kwetu hakwami. Kwa nje, anayeelewa na asiyeelewa wanasikika sawa. Isitoshe, kuhesabu maneno kwa dakika kulibuniwa kwa lugha zenye maneno mafupi. "Hawajatupikia" ni neno moja kwetu, na ndani yake kuna sentensi nzima yenye mtenda, kanusho, wakati, mtendewa na tendo. Mtoto anaweza kulitamka bila hata kimojawapo kumfikia akilini.

Nilikaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya kijijini Kanda ya Ziwa. Binti mmoja alisimama, akasoma aya yote bila kukosea hata silabi. Ndani yake palikuwa na sentensi hii: "Juma alifika mlangoni, akasita, kisha akapiga hodi." Mwalimu akauliza, Juma alifanya nini mlangoni? Binti akajibu bila wasiwasi: "Alihesabu." Alihesabu ngapi? "Sita." Darasa halikucheka, kwa sababu wengi wao walikuwa na jibu hilo hilo. Mwalimu akasahihisha kwa haraka, "Hapana, kusita ni kusitasita," na wakaendelea na aya inayofuata. Kwa kipimo cha dakika moja, binti yule ni msomaji bora. Kwa kipimo cha kuelewa, neno moja lilimgeuzia kisa kizima, na ufafanuzi aliopewa ulikuwa neno lile lile likirudiwa mara mbili.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa hesabu rahisi ambayo mwalimu yeyote anaweza kuibeba kichwani: kusoma kwa kuelewa ni zao la kuzidisha uwezo wa kutambua maandishi kwa uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa namna gani. KKK imetujengea upande wa kwanza. Upande wa pili umebaki unajitegemea, na hapo ndipo tofauti kati ya watoto inapozaliwa, kwa sababu wanaingia darasani na lugha zisizolingana kabisa. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Mtoto wa Maswa, wa Monduli au wa Mbulu anaweza kuingia darasa la kwanza akijua Kiswahili cha salamu na cha dukani tu. Mtoto wa Temeke anakijua tangu kuzaliwa, lakini Kiswahili chake ni cha mtaani: anajua daladala, anajua kushtua, anajua mambo mengi ambayo mimi siyajui, ila "ijapokuwa", "hatimaye" na "linganisha" hakutani navyo mpaka avikute kitabuni. Wote wawili wanakaa dawati moja na kusomeshwa kana kwamba wana kamusi moja.

Ukitaka kuona jinsi pengo hili linavyofichwa, sikiliza somo lolote la sayansi darasa la tatu. Mwalimu anasema, "Maji yakipata joto yanatoa mvu...?" Darasa zima: "...keee!" "Mvuke ukipoa unakuwa ma...?" "...jiii!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Mtindo huu wa kumalizia neno umeenea kuanzia Mtwara hadi Kagera, na una faida yake: unawaamsha watoto na kumpa mwalimu mwenye darasa kubwa njia ya kulishika. Lakini mtoto anayeitikia silabi ya mwisho hahitaji kujua neno. Anahitaji kusikia mwanzo wake na kumfuata jirani. Sauti ya darasa inampa mwalimu uhakika ambao daftari la mtoto halina.

Zoezi letu la pili ni lile la ubaoni: "Andika maana ya misamiati ifuatayo, kisha itungie sentensi." Maneno kumi, mtoto anayanakili, maana zinatolewa mwishoni mwa kitabu au mwalimu anazisoma. Tahadhari: hadhari. Ghadhabu: hasira kali. Kisha zinakuja sentensi: "Mama anapenda tahadhari." "Baba ana ghadhabu." Kisarufi hazina kosa, mwalimu anaweka vema, na hakuna aliyejifunza kitu. Maana iliyotolewa kwa neno jingine gumu haisaidii, na sentensi ambayo ungeweza kutia neno lolote ndani yake haithibitishi chochote. Kuna walimu watakaosema zoezi hili linajenga mwandiko na utulivu. Ni kweli, basi liitwe somo la mwandiko.

Tufundishe maneno gani, basi, ikiwa hatuwezi kufundisha yote? Hapa napenda mgawanyo wa Isabel Beck na wenzake, watafiti wa Marekani, waliogawa maneno katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni maneno ya kila siku ambayo mtoto huyaokota bila shule: maji, kimbia, mama, njaa. La tatu ni ya kitaalamu ya somo moja: usanisinuru, ikweta, mzingo. Katikati kuna maneno ya watu wazima wanaosoma, yanayojitokeza katika masomo yote: sababisha, linganisha, tofautisha, badala ya, hatimaye, tahadhari, shawishi, sita, kiasi, hali. Mgawanyo huu ulifanywa kwa Kiingereza, na kwetu lazima uongezwe kundi moja: kwa mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, hata daraja la kwanza linahitaji kufundishwa. Lakini kwa walio wengi, maneno ya daraja la kati ndiyo yanayoangusha, na ndiyo yasiyofundishwa na mtu. Usanisinuru unapigiwa mstari kitabuni, unaulizwa kwenye mtihani, na mwalimu anaulalia wiki nzima. "Linganisha" haipigiwi mstari na mtu, wakati ndiyo iliyobeba swali. Mtoto anayeandika "usanisinuru ni…" pale alipoulizwa kulinganisha mimea miwili hajashindwa sayansi. Ameshindwa neno. Hisabati nayo ina yake: "tofauti ya 45 na 18" kwa mtoto asiyefundishwa matumizi hayo ni kwamba moja ni kubwa na nyingine ni ndogo, jibu ambalo, tukisema ukweli, lina akili zaidi kuliko alama ya kosa inayopewa.

Kufundisha neno vizuri hakuhitaji projekta. Turudi kwenye kusita. Mwalimu anaisoma hadithi yeye mwenyewe kwanza, kwa sauti, watoto wakisikiliza tu. Anachagua maneno matatu, si kumi. Anaeleza kwa maneno ambayo mtoto tayari anayo: kusita ni kusimama kidogo kabla ya kufanya jambo, kwa sababu huna uhakika au unaogopa. Anamwita mtoto atembee kuelekea mlangoni, asite, aingie. Anauliza: ukikutana na mbwa mkali njiani, utasita? Ukiitwa kula pilau, utasita? Kwa nini? Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza, maana mtoto hulijua neno vizuri zaidi anapojua mahali lisipofaa. Kisha dakika moja ya jozi: mwambie jirani yako siku uliyosita. Watoto mia wanazungumza kwa mara moja, na kila mmoja amelitumia neno kwa kinywa chake, jambo ambalo uitikiaji wa pamoja hauwezi kulitoa. Neno linaandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Kazi ya dakika kumi imekwisha, na kosa kubwa litakuwa kuishia hapo. Katika utafiti wa mwaka 1985, Margaret McKeown, Beck na wenzao waliona kwamba watoto waliokutana na neno mara nne walijifunza maana yake, lakini kuelewa kwao hadithi zenye neno hilo hakukubadilika. Waliokutana nalo mara kumi na mbili ndio waliofaidika katika kusoma. Kwa hiyo kusita kunatakiwa kurudi kesho asubuhi, Ijumaa, na mwezi ujao katika somo lisilo la Kiswahili.

Yote hayo yanaweza kufanywa katika lugha yoyote. Kuna moja ambalo Kiswahili kinatuzawadia na hatulitumii mapema: unyambulishaji na uundaji wa maneno. Kwenye shule zetu, minyambuliko huja madarasa ya juu kama sarufi, yenye majina ya kutisha ya kauli na jedwali la kukariri. Mtoto wa darasa la pili hahitaji majina hayo. Anahitaji kuona kwamba pima, pimia, pimisha, pimika, mpimaji, kipimo na upimaji ni ukoo mmoja. Akishaona kwamba ki- mara nyingi hutengeneza chombo au kitu kinachofanya tendo, kipimo, kivuko, kizibo na kichujio vinakuwa maneno ambayo anaweza kuyakisia kabla ya kuambiwa. Akifika kwenye hisabati akakuta kipenyo, mwalimu anamuuliza tu: ndani yake unaona tendo gani? Penya. Basi kipenyo ni mstari unaopenya duara kutoka upande hadi upande kupitia katikati. Hakuna kamusi itakayomfafanulia hivyo kwa urahisi. (Atajaribu pia kutafuta tendo ndani ya kiboko na kitabu, na atakosea, makosa ya aina hiyo ni dalili kwamba anafikiri, na ningeyapokea kwa furaha.) Neno moja likifundishwa hivi huja na wanawe. Kwa lugha yenye utaratibu kama wetu, kumpa mtoto orodha ya maneno yaliyokatwa kutoka kwenye koo zake ni kumfanya abebe mmoja mmoja kile ambacho angekibeba kwa fungu.

Tusikie sasa wanaopinga. Wa kwanza husema: tusiwe na haraka, mtoto akishajua kusoma, kusoma kwenyewe kutamletea maneno. Hoja hii ina ukweli mkubwa. Hakuna mwalimu duniani anayeweza kufundisha moja moja maelfu ya maneno anayoyajua msomaji mzuri. Mengi ameyaokota vitabuni. Lakini yanaokotwa polepole. Mwaka 1999 Swanborn na de Glopper walikusanya matokeo ya majaribio kadhaa na kukuta kwamba, kati ya maneno mageni anayokutana nayo msomaji katika kusoma kwa kawaida, hujifunza takriban 15 kwa kila 100. Ili kiasi hicho kidogo kigeuke kuwa hazina, mtoto lazima asome kurasa nyingi sana, na hapo ndipo tunapoulizana: kurasa zipi? Shule nyingi za vijijini hazina maktaba, na kitabu cha kiada kinachoshikwa na watoto watatu ndicho kitabu pekee nyumbani na shuleni. Tena, mtu hukisia neno geni kwa kusaidiwa na maneno yanayolizunguka. Asiyeyajua ya kando hawezi kulikisia la katikati. Tafiti za Kiingereza za Paul Nation na wenzake zinakadiria kwamba msomaji anahitaji kujua karibu maneno 98 kati ya 100 ili aelewe bila msaada. Kwa Kiswahili, chenye maneno marefu yaliyosheheni, idadi kamili inaweza kuwa tofauti, lakini mantiki ni ile ile. Mwenye maneno huongezewa. Asiyenayo hubaki nyuma, na mtafiti Keith Stanovich alilionya hilo tangu 1986. Kwa hiyo, ndiyo, vitabu zaidi. Lakini vitabu havichukui nafasi ya mwalimu katika madarasa matatu ya kwanza.

Wa pili husema: njoo ufundishe wewe, watoto 120, vipindi mfululizo, halafu utuambie habari za kuigiza kusita. Hii ndiyo hoja nzito, na anayeijibu kwa wepesi anawatukana walimu. Sina jibu litakalopunguza idadi ya watoto. Ninachoweza kusema ni kwamba, kati ya kazi zote za kufundisha kusoma, hii ndiyo inayoumizwa kidogo zaidi na ukubwa wa darasa. Kumsikiliza kila mtoto akisoma katika darasa la 120 haiwezekani. Kusahihisha madaftari 120 ya imla kila siku haiwezekani. Lakini kuwasomea hadithi wote, kueleza maneno matatu, na kuwaambia wazungumze wawili wawili kunachukua muda ule ule wakiwa 40 au 120, na hakuachi daftari hata moja la kusahihisha. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu anayepita dirishani lazima afundishwe kwamba kelele hiyo ni somo.

Kuna na wa tatu wanaolaumu nyumba: wazazi hawazungumzi na watoto. Hawa hupenda kunukuu utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, wa Hart na Risley, uliodai kwamba mtoto wa familia maskini husikia maneno milioni 30 pungufu kabla ya kuanza shule. Utafiti huo ulifuatilia familia 42 tu, na ulipojaribiwa tena na wengine mwaka 2018, pengo hilo halikuonekana kwa namna ile. Na hata lingekuwepo, bibi wa Kisukuma anayetega vitendawili jioni anampa mjukuu maneno mengi, ila kwa Kisukuma. Hiyo ni akiba, si upungufu. Mwalimu anayeuliza, "Nyumbani mnaitaje?" kabla ya kutoa neno la Kiswahili anaunganisha neno jipya na wazo ambalo mtoto tayari analo. Wenzetu Kenya wana sera ya lugha ya eneo kwa madarasa ya chini tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, na utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua; sisi hatuna hata hiyo. Sidai tubadili lugha ya kufundishia. Nadai tu tuache kumwadhibu mtoto kwa kutamka neno la kwao darasani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba tiba ya haya yote ni Kiingereza mapema. Mtaala mpya umekishusha kutoka darasa la tatu hadi la kwanza kama somo, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na hitimisho ambalo wazazi, wanasiasa na wamiliki wa shule wamelitoa: kwamba mtoto akianza Kiingereza akiwa na miaka sita, basi kuvuka kuingia sekondari kumetatuliwa, na msamiati wa Kiswahili ni kupoteza muda. Fikiria neno "uvukizi". Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwamba maji ya nguo mbichi hayapotei, yanapanda hewani, akifika kidato cha kwanza anahitaji kujifunza jina jipya la jambo analolijua. Asiyeelewa anahitaji kujifunza jambo na jina kwa pamoja, katika lugha ambayo hata maelezo yake hayaelewi. Mtafiti wa lugha Jim Cummins alieleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba maarifa yaliyojengwa katika lugha moja huisaidia ya pili. Na LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia ulioanza 2002 kwa kushirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulipowalinganisha wanafunzi wa sekondari waliofundishwa mada zile zile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wa Kiswahili walielewa na kujieleza vizuri zaidi. Tena, mwalimu anayefundisha Kiingereza darasa la kwanza ndiye yule yule anayefundisha maneno ya Kiswahili kwa kuyanakili ubaoni. Akihamia lugha asiyoimudu vizuri, hatafundisha kwa njia bora zaidi. Atafundisha kwa uitikiaji zaidi.

Tukikubali haya, kuna mambo ambayo lazima yabadilike, na mengi si ya gharama. La kwanza ni upimaji wa KKK wa darasa la pili. Shule hufundisha kinachopimwa. Kama kipimo kinauliza kasi, tutapata kasi. Kuongeza maswali machache ya mdomo yanayomtaka mtoto aeleze neno kwa maneno yake, au achague lipi kati ya matukio mawili ni kusita, kungebadili vipindi vya mwaka mzima. La pili ni la Taasisi ya Elimu Tanzania. Kiongozi cha mwalimu kinapaswa kumwonyesha mwalimu, kwa kila hadithi, maneno matatu ya daraja la kati ya kuyafundisha, maelezo yake kwa lugha ya mtoto, na mahali ambapo maneno hayo yatarudi: "linganisha" ikifundishwa Machi kwenye hadithi, ionekane Aprili kwenye hisabati na Juni kwenye Jiografia na Mazingira. Hesabu yake si ya kutisha. Maneno matatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki 30, ni maneno 270 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni 1,620, kila moja likija na ukoo wake. Si mengi ukilinganisha na anayoyahitaji msomaji. Lakini ndiyo maneno yanayobeba maswali ya mitihani yote.

La tatu ni darasa la tatu lenyewe. Hapo mtoto hutoka ghafla kwenye hadithi za sungura na kuingia kwenye sayansi, jiografia, na Historia ya Tanzania na Maadili, kila moja ikiwa na maneno yake. Walimu wengi husema watoto wao "wameharibika" darasa la tatu, ilhali walikuwa wazuri la pili. Hawajaharibika. Kipimo kimebadilika kutoka kutamka hadi kuelewa. Kama kuna mahali pa kuwaweka walimu hodari wa shule, ni hapo, wakati desturi yetu ni kuwapeleka darasa la mtihani. Na baada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa mwaka 2025, pamoja na miradi ya kusoma iliyokuwa ikigharimia mafunzo kazini katika mikoa kadhaa, mafunzo hayo sasa lazima yapate fungu kwenye bajeti yetu wenyewe au yasiwepo.

Waliokuwa wa kwanza kuanza darasa la kwanza na mtaala huu, Januari 2024, wanafika darasa la tatu 2026 na watavuka kwenda kidato cha kwanza 2030. Bado upo muda wa kuwafundisha maneno, na kiongozi cha mwalimu cha darasa la tatu ndicho kitabu ambacho ningeanza kukiandika upya.